Mtangazaji wa shirika la umma na maoni yake ya kisiasa: mpaka uko wapi?

Katika miaka ya karibuni mashirika ya utangazaji ya umma nchini Uingereza na Australia yamelazimika kujibu swali moja: je, mtu anayesikika kupitia kipaza sauti cha umma ana haki ya kutamka msimamo wake wa kisiasa akiwa nje ya kipindi? Swali hilo limevuruga kipindi cha soka kinachotazamwa na mamilioni, na limefikishwa hadi mahakamani. Makala haya yanaeleza kanuni inayohusika, sababu zake, na kesi mbili zilizoitia majaribuni.

Kanuni na chimbuko lake

Shirika la utangazaji la umma huendeshwa kwa fedha za wananchi. BBC ya Uingereza hutegemea zaidi ada ya leseni ya televisheni, ambayo mwaka 2025 ilikuwa pauni 174.50 kwa kila kaya inayopaswa kuilipa. ABC ya Australia, iliyoanzishwa mwaka 1932, hupata fedha zake kutoka bajeti ya serikali, yaani kodi. Mlipaji ni yule anayekiunga mkono chama tawala na yule anayekipinga, na wote wawili wana haki ya kupata habari wanazoweza kuziamini. Ndiyo maana Sheria ya ABC ya mwaka 1983 inaiagiza bodi ya shirika kuhakikisha kuwa habari zinakusanywa na kutangazwa kwa usahihi na bila upendeleo. BBC nayo inabanwa na sharti kama hilo katika Mkataba wake wa Kifalme.

Sharti hilo halimtaki mtangazaji awe mtu asiye na maoni. Linachokataza ni kuitumia heshima ya kituo kuuza maoni ya mtu au ya kundi kana kwamba ni habari.

Wasikilizaji waliotoka eneo la Maziwa Makuu hawahitaji kuelezwa kwa kirefu hatari ya jambo hilo. Mwanzoni mwa Machi 1992, Radio Rwanda, redio ya taifa, ilisoma mara kadhaa taarifa iliyodai kwamba kundi la haki za binadamu lenye makao Nairobi limegundua njama ya kuwaua viongozi wa Kihutu. Taarifa ilikuwa ya uongo. Mauaji ya Watutsi katika eneo la Bugesera yalifuata, na mamia ya watu walipoteza maisha. Waliosikia taarifa ile waliisikia kwa sauti ileile iliyozoea kuwasomea habari za kila siku. Uzito wake ulitoka kwenye kituo, na wala haukutegemea ushahidi.

Uingereza: Gary Lineker na BBC

Kesi ya Uingereza haikumhusu msomaji wa habari. Gary Lineker, mshambuliaji wa zamani wa timu ya taifa ya Uingereza, alikuwa mtangazaji wa kipindi cha soka cha Match of the Day, na ndiye aliyelipwa zaidi miongoni mwa watangazaji wa BBC. Tarehe 7 Machi 2023 aliandika katika mtandao wa kijamii akiukosoa mpango wa serikali kuhusu wahamiaji wanaovuka bahari kwa boti ndogo, na akaifananisha lugha iliyotumika kuutetea na lugha ya Ujerumani ya miaka ya 1930.

Siku tatu baadaye BBC ilitangaza kuwa Lineker angekaa kando hadi wakubaliane kuhusu matumizi yake ya mitandao. Wachambuzi Ian Wright na Alan Shearer walikataa kuonekana kwenye kipindi, na wengine wakawaunga mkono. Jumamosi ya tarehe 11 Machi kipindi kilirushwa kwa takriban dakika 20 tu, bila mtangazaji wala msimulizi wa mechi. Jumatatu, Lineker akarejeshwa kazini na BBC ikatangaza mapitio ya miongozo yake.

Miongozo mipya ilitolewa Septemba 2023. Kwa mujibu wake, watangazaji wa vipindi vikubwa visivyo vya habari wanaweza kutoa maoni kuhusu masuala ya kijamii na kisiasa, lakini hawaruhusiwi kukiunga mkono au kukishambulia chama cha siasa, kuwakashifu wanasiasa kwa hulka zao, kujitosa katika mijadala ya kisiasa wakati wa uchaguzi, wala kushika wadhifa rasmi katika kundi la kampeni. Kwa wanahabari masharti yalibaki makali zaidi.

Lineker aliondoka BBC Mei 2025, baada ya kusambaza ujumbe kuhusu Uzayuni uliokuwa na picha ya panya, alama iliyotumiwa zamani kuwadhalilisha Wayahudi. Aliufuta ujumbe huo na kuomba radhi, akisema hakuijua maana ya picha hiyo.

Australia: Antoinette Lattouf na ABC

Desemba 2023 ABC ilimwajiri mwanahabari Antoinette Lattouf kwa siku tano tu, ashike nafasi ya mtangazaji aliyekuwa likizoni katika kipindi cha asubuhi cha redio mjini Sydney. Akiwa na mkataba huo alisambaza katika ukurasa wake binafsi ujumbe wa shirika la Human Rights Watch uliosema kuwa njaa inatumiwa kama silaha ya vita Gaza. ABC yenyewe ilikuwa imeitangaza ripoti hiyo katika habari zake. Baada ya siku tatu Lattouf aliambiwa asirudi. Kabla ya hapo, viongozi wa shirika walikuwa wamepokea malalamiko mengi ya watu waliotaka aondolewe.

Lattouf alishtaki. Tarehe 25 Juni 2025 Jaji Darryl Rangiah wa Mahakama ya Shirikisho aliamua kuwa ABC ilimwachisha kazi kinyume cha sheria, kwa sababu zilizojumuisha maoni yake ya kisiasa ya kupinga kampeni ya kijeshi ya Israel huko Gaza. ABC ilidai kuwa alikuwa ameagizwa asiandike lolote kuhusu vita hivyo. Jaji alibaini kuwa alichopewa kilikuwa ushauri, na kwamba hakuna agizo lililotolewa. Lattouf alilipwa fidia ya dola 70,000 za Australia, na Septemba mwaka huohuo shirika likaamriwa kulipa adhabu ya dola 150,000 zaidi. Gharama za mawakili zilizolipwa na ABC zilipita dola milioni 2, nazo ni fedha za umma.

Hoja za pande mbili

Wanaotaka watangazaji wanyamaze husema kuwa msikilizaji hawezi kumgawanya mtu sehemu mbili. Aliyemsoma mtangazaji jioni akikishambulia chama fulani atamsikiliza kwa shaka asubuhi akimhoji kiongozi wa chama hicho. Shaka ikishaingia, hata swali la haki huonekana la upendeleo.

Wanaowatetea watangazaji husema kuwa ajira haimvui mtu uraia wake. Huongeza kuwa ukimya wa kulazimishwa hauwaangukii wote sawasawa: mwenye asili ya nchi iliyo vitani huulizwa maoni yake kabla hajafungua kinywa, wakati mwenzake haulizwi.

Kesi hizi mbili hazikuimaliza hoja hiyo, lakini zimeonyesha jambo moja waziwazi. Matatizo makubwa hayakuletwa na ukali wa kanuni wala ulegevu wake. Yaliletwa na mpaka uliochorwa baada ya mtu kuuvuka, tena chini ya shinikizo la wanasiasa au la walalamikaji. Kanuni iliyoandikwa mapema, inayotofautisha msomaji wa habari na mtangazaji wa michezo, na inayotumika vilevile kwa kila upande, humlinda mtangazaji na kumlinda msikilizaji. Isipokuwapo, mwenye kelele nyingi ndiye anayeamua nani atangaze.

Haki ya msikilizaji

Msikilizaji anayeona kipindi kimeegemea upande ana njia ya kulalamika. Nchini Uingereza malalamiko hupelekwa kwanza BBC yenyewe, na asiyeridhika anaweza kwenda kwa Ofcom, msimamizi wa nje wa BBC tangu 2017. Nchini Australia malalamiko kuhusu maudhui ya ABC hushughulikiwa na ofisi ya msuluhishi wa shirika, iliyoanzishwa mwaka 2022, na baadaye yanaweza kufikishwa kwa mamlaka ya mawasiliano, ACMA. Lalamiko lenye nguvu hutaja kipindi, tarehe na maneno yaliyosemwa, ili lichunguzwe kwa uzito wa hoja yake, hata kama limetoka kwa mtu mmoja.