Sotoka: Majina ya Wafugaji katika Historia ya Kutokomeza Ugonjwa

Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mnamo 1887 na kufika kusini mwa bara kabla ya karne kwisha. Iliangamiza ng'ombe na kuwaachia wafugaji njaa. Wamaasai huiita miaka hiyo Emutai, yaani maangamizi.

Mwaka 1962 nchi za Afrika zilianzisha mradi wa pamoja wa uchanjaji, JP15. Walter Plowright na wenzake, wakiwa Muguga nchini Kenya, walikuwa wamebuni chanjo salama iliyoupa mradi huo nguvu. Ulipofungwa mwaka 1976, sotoka ilikuwa imebaki katika maeneo machache tu, hasa malisho ya mipakani. Kila serikali iliachiwa kuendeleza kazi kwa bajeti yake. Nyingi zililegea, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa ulirejea kwa kishindo.

Kampeni ya bara zima, PARC, iliyoanza mwaka 1986, haikushinda kwa kurudia mbinu zilezile. Chanjo inayostahimili joto ilifikishwa na wafugaji waliopewa mafunzo hadi sehemu ambazo magari yenye majokofu hayakufika. Pamoja na hayo, wataalamu walianza kuuliza. Wamaasai walikuwa na jina olodua. Wasomali waliitambua sotoka isiyo kali kwa jina shifow. Jina lilibeba dalili: machozi, vidonda vya kinywa, kuhara. Mfugaji aliyeulizwa ni lini jina hilo lilitajwa mara ya mwisho katika boma lake alitoa ushahidi ambao daftari la wilaya halikuwa nao.

Kisa cha mwisho kuthibitishwa kilikuwa cha nyati wa Meru, Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa huru. Baada ya ndui, huo ulikuwa ugonjwa wa pili kutokomezwa, na wa kwanza wa mifugo.

Leo lengo ni kuitokomeza sotoka ya mbuzi na kondoo ifikapo 2030. Jina hilo limeazimwa kutoka kwa ugonjwa uliokwisha. Historia yake nayo haifai kuachwa nyuma. Fomu ya taarifa inayokubali jina la kitaalamu pekee humnyamazisha shahidi wa kwanza, na mpango unaoishia mpakani huuachia ugonjwa njia ya kurudi.