Kinheengatu: Lugha Iliyomshinda Gavana

Tafsiri ya Katiba ya Brazili kwa Kinheengatu, iliyozinduliwa Julai 2023 mjini São Gabriel da Cachoeira na Rosa Weber, rais wa Mahakama ya Juu ya Shirikisho wakati huo, ilitolewa kwa lugha ambayo watawala wa Kireno waliwahi kuipiga marufuku. Kinheengatu kilitokana na Kitupinambá, lugha ya pwani iliyo katika familia ya Kitupi, ambayo Wajesuiti waliieneza Amazoni katika karne ya 17 ikawa lugha ya mahubiri na ya soko.

Mwaka 1757, gavana wa Grão-Pará, Francisco Xavier de Mendonça Furtado, ndugu wa waziri aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal, alitoa amri iliyoiita lugha hiyo uzushi wa kishetani na kuagiza Kireno kifundishwe shuleni. Hata hivyo, gavana huyohuyo alilalamika katika barua kwamba chini ya dirisha lake alisikia Waafrika wawili, walioletwa utumwani muda mfupi uliopita, wakiizungumza bila kigugumizi ilhali Kireno hawakijui kabisa. Lalamiko hilo linafichua mengi kuliko amri yenyewe, kwani mgeni hujifunza lugha ya mji anaofikia, na lugha ya mji huo haikuwa ya gavana. Wajesuiti walifukuzwa mwaka 1759, lugha ikabaki.

Mwanahistoria José Ribamar Bessa Freire, katika kitabu chake Rio Babel (2004), akieleza kwa nini lugha hiyo hatimaye ilififia, anaelekeza macho kwenye karne ya 19: kukandamizwa kwa uasi wa Cabanagem (1835–1840), kisha meli za mvuke na wahamiaji wa kaskazini-mashariki mwa Brazili waliofuata utomvu wa mpira, Kireno kikiwa kinywani mwao.

Kisarufi, Utupi wa Kinheengatu haujafutika. Baadhi ya nomino hubadili mwanzo kufuata mmiliki: nyumba ni uka, nyumba yangu se ruka, nyumba yake suka; na viambishi tamati -rama na -wera huipa nomino yenyewe wakati ujao au uliopita, kazi ambayo Kiswahili kwa kawaida huikabidhi kitenzi. Kilichopotea ni tofauti ya kale kati ya “sisi pamoja nawe” na “sisi bila wewe”.

Leo ngome ya lugha hii ni Rio Negro ya juu, ambako Wabaré na Wawarekena wengi, waliopokonywa lugha zao za familia ya Kiarawak, huitetea kama urithi wao. São Gabriel iliifanya lugha rasmi ya manispaa mwaka 2002, pamoja na Kitukano na Kibaniwa, ingawa katika ofisi za mji Kireno bado ndicho kinachotawala.