Mlango wa Kwanza wa Sanduku la Kura: Funzo la Mchujo wa Texas

Muhula uliopita, nilipokuwa nikifundisha mada ya vyama vya siasa, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alisimama akatoa hoja iliyolinyamazisha darasa. Alisema kwamba kura za mchujo si uchaguzi. Chama cha siasa, kwa maneno yake, ni sawa na chama cha kufa na kuzikana: wenyewe ndio wanaoamua nani aingie na nani abaki nje, na dola haina la kusema. Wenzake wengi waliitikia kwa vichwa. Sikumjibu siku ile. Nilimwahidi kwamba nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu hoja yake si mpya. Iliwahi kusimama mbele ya majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani, ikakubaliwa bila jaji hata mmoja kupinga, na ikawafungia mlango maelfu ya raia kwa miaka tisa.

Tuanze na chimbuko la mchujo wenyewe. Katika karne ya 19, vyama vya Marekani viliteua wagombea wao kwa mikutano ya wajumbe. Wajumbe wa mtaa waliwachagua wa kaunti, wa kaunti wakawachagua wa jimbo, na mwishowe jina la mgombea ugavana lilitoka katika chumba chenye watu wachache. Wakubwa wa chama na wenye reli na viwanda walijua ni mlango gani wa kubisha. Wanamageuzi, wakiongozwa na watu kama Robert La Follette wa Wisconsin, walidai uteuzi urudishwe kwa wapiga kura wenyewe. Wananchi wa Wisconsin waliipitisha sheria hiyo kwa kura mwaka 1904, na mwaka 1906 mchujo wa jimbo zima ukafanyika huko. Dawa ya demokrasia iliyougua ilikuwa demokrasia zaidi.

Texas nayo ilipokea dawa hiyo, lakini iliichanganya na sumu. Sheria za uchaguzi za mwaka 1903 na 1905, zilizopewa jina la mbunge Alexander Terrell, ziliweka utaratibu ambao kwa karatasi ulikuwa safi. Chama kikubwa kililazimika kuteua wagombea wake kwa kura ya mchujo. Mchujo ulifanyika Jumamosi moja ya mwezi Julai katika kaunti zote. Baadaye ikawekwa duru ya pili mwezi Agosti, pale ambapo hakuna aliyepata zaidi ya nusu ya kura. Kamati ya chama ya kaunti ilijumlisha matokeo, ikayapeleka ngazi ya jimbo, na washindi wakaingizwa katika karatasi ya kura ya uchaguzi mkuu wa Novemba. Kila aliyetaka kupiga kura alipaswa kwanza kulipa kodi ya kura, dola 1.50 hadi 1.75, kabla ya mwezi Februari, miezi mingi kabla ya kampeni kupamba moto. Kwa mkulima maskini, mweusi au mweupe, kodi hiyo ilikuwa ukuta.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kuelewa jambo moja ambalo takwimu za Novemba haziwezi kumwonyesha. Tangu kumalizika kwa kipindi cha ujenzi mpya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Texas ilikuwa ngome ya chama cha Democratic. Aliyeshinda mchujo wa Julai alikuwa amekwisha kushinda kiti. Uchaguzi wa Novemba ulikuwa sherehe ya kumvika taji. Kwa hiyo aliyezuiwa Julai alikuwa amezuiwa mwaka mzima, hata kama Novemba angeachwa apige kura kadiri alivyotaka.

Bunge la Texas lilijua hivyo. Mwaka 1921 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Newberry, ilitoa uamuzi uliotia shaka iwapo Katiba inaitambua kura ya mchujo kuwa ni uchaguzi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1923, bunge hilo likapitisha sheria iliyotamka waziwazi kwamba mtu mweusi hatakuwa na sifa ya kushiriki mchujo wa chama cha Democratic katika jimbo hilo. Haikufichwa ndani ya masharti ya elimu wala ya makazi. Iliandikwa ilivyo.

Tarehe 26 Julai 1924, Dkt. Lawrence Nixon, tabibu mweusi wa mji wa El Paso, alikwenda kituoni na risiti ya kodi yake ya kura. Inasimuliwa kwamba wasimamizi walikuwa watu anaofahamiana nao, wakamwambia kwa upole kwamba yeye mwenyewe anajua hawawezi kumruhusu. Naye akawajibu kwamba anajua, ila ni lazima ajaribu. Nalipenda jibu hilo. Ni jibu la mtu anayefahamu kwamba haki isiyodaiwa haina ushahidi.

Nixon alishtaki, na mwaka 1927 Jaji Oliver Wendell Holmes, kwa niaba ya mahakama yote, akaibatilisha sheria ile. Rangi ya mtu, alisema kwa ufupi, haiwezi kuwa kigezo cha kisheria cha kumnyima haki hiyo. Ilikuwa ushindi mkubwa, na ulidumu kwa muda mfupi kama umande. Bunge la Texas liliifuta sheria, likapitisha nyingine: kila chama, kupitia halmashauri yake kuu ya jimbo, kiamue chenyewe nani anafaa kupiga kura katika mchujo wake. Halmashauri ya Democratic ikaamua: weupe tu. Nixon akarudi mahakamani. Mwaka 1932 akashinda tena, safari hii kwa majaji watano dhidi ya wanne. Jaji Benjamin Cardozo alieleza kwamba halmashauri ile ilipata mamlaka yake kutoka kwa sheria ya jimbo, si kutoka kwa wanachama, na kwa hiyo ilikuwa mkono wa dola.

Wanasheria wa chama waliisoma hukumu hiyo kwa makini, wakaona mlango ulioachwa wazi. Kama tatizo ni kwamba wanachama hawakuulizwa, basi na waulizwe. Majuma matatu tu baada ya hukumu, mkutano mkuu wa jimbo wa chama hicho ulikutana ukapitisha azimio kwamba uanachama na kura ya mchujo ni kwa raia weupe peke yao. Hapakuwa na sheria tena. Palikuwa na azimio la wanachama.

Kinyozi mmoja mweusi wa Houston, R. R. Grovey, aliomba karatasi ya kura ya mchujo wa mwaka 1934 akanyimwa. Alidai fidia ya dola 10. Tarehe 1 Aprili 1935 Mahakama ya Juu ilimkatalia kwa kauli moja. Jaji Owen Roberts alijenga hoja yake juu ya mambo ambayo mwanafunzi wangu angeyapenda: gharama za mchujo zinabebwa na chama, karatasi za kura zinachapishwa na chama, kura zinahesabiwa na chama. Chama ni jumuiya ya hiari. Kukataliwa na jumuiya ya hiari si kunyimwa haki na dola. Ndicho chama cha kufa na kuzikana, kikiwa kimevaa joho la mahakama.

Kosa la hoja hiyo lilikuwa wapi? Halikuwa katika kusema kwamba wanachama wana uhuru wa kujumuika. Uhuru huo upo, na ni wa thamani. Kosa lilikuwa katika kutazama nani amelipia karatasi badala ya kuuliza karatasi ile inafanya kazi gani. Chama cha kufa na kuzikana kikinifukuza, nitatafuta kingine, au nitazikwa na majirani. Lakini chama ambacho mteule wake ndiye gavana, ndiye jaji, ndiye mkuu wa polisi wa kaunti, kikinifungia mlango, sina mahali pengine pa kwenda. Kimekuwa lango la serikali, na lango la serikali haliwezi kuwa mali ya mtu.

Mahakama ilianza kuliona hilo mwaka 1941, katika kesi ya Classic iliyotoka Louisiana. Kesi hiyo haikuhusu rangi. Ilihusu maofisa waliochakachua kura za mchujo wa wabunge wa Congress. Jaji Harlan Stone aliandika kwamba pale ambapo sheria ya jimbo imeufanya mchujo kuwa sehemu ya utaratibu wa kuchagua, au pale ambapo mchujo ndio unaoamua mshindi, haki ya kupiga kura ndani yake inalindwa na Katiba. Mwanasheria kijana wa chama cha kutetea haki za weusi, NAACP, aliuona upenyo. Jina lake Thurgood Marshall.

Marshall na mwenzake William Hastie walimwakilisha Lonnie Smith, daktari wa meno wa Houston aliyekataliwa katika mchujo wa mwaka 1940. Tarehe 3 Aprili 1944, kwa majaji wanane dhidi ya mmoja, mahakama iliitengua hukumu ya mwaka 1935. Jaji Stanley Reed hakuuliza nani amelipa gharama. Alifuatilia hatua za mchujo mmoja baada ya mwingine: sheria ndiyo inayoamuru mchujo ufanyike, sheria ndiyo inayoweka namna ya kuthibitisha washindi, sheria ndiyo inayowaingiza washindi hao katika karatasi ya Novemba. Chama kinachotekeleza kazi hiyo kinatekeleza kazi ya dola, na Marekebisho ya 15 ya Katiba yanakibana kama yanavyoibana dola. Aliyepinga ni Jaji Roberts, mwandishi wa hukumu iliyotenguliwa. Mwezi Julai mwaka huo, miaka 20 baada ya kurudishwa kituoni, Dkt. Nixon alipiga kura katika mchujo wa El Paso.

Hadithi haikuishia hapo, na ni vizuri wanaharakati wakakumbuka hivyo. South Carolina iliitisha kikao maalumu mwaka 1944 ikafuta sheria zake zote zinazotaja mchujo, ili chama kionekane hakiguswi na dola kabisa. Jaji Waties Waring aliikataa hila hiyo mwaka 1947. Huko Texas, katika kaunti ya Fort Bend, jumuiya ya weupe iliyoitwa Jaybird, iliyoundwa mwaka 1889, iliendesha mchujo wake kabla ya mchujo wa chama. Mshindi wa Jaybird alishinda mchujo wa chama, kisha akashinda uchaguzi mkuu, karibu kila mara bila mpinzani. Mahakama ya Juu iliukomesha utaratibu huo mwaka 1953. Kila mlango ulipofunguliwa, wenye nguvu waliusogeza uamuzi nyuma ya mlango mwingine.

Thurgood Marshall huyohuyo alikuja kuwa sehemu ya historia yetu. Mapema mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, alikuwa London katika mkutano wa Lancaster House kama mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya, akaandaa rasimu ya tamko la haki. Mtu aliyezitetea haki za weusi waliokuwa wachache Marekani alijikuta akiandika ulinzi wa Wazungu na Waasia waliokuwa wachache Kenya. Hakuona mgongano wowote, kwa sababu kanuni ilikuwa ileile: anayeshika lango halimiliki.

Miaka 28 baadaye, mwaka 1988, Kenya ilishuhudia mchujo wa mlolongo chini ya chama kimoja. Wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea, na aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amepita, pasipo kura ya siri kufuata. Walikuwapo watu walioeleza kwamba foleni fupi ilitangazwa ndefu. Nao waliambiwa kwamba hilo ni jambo la ndani ya chama.

Nami nina kumbukumbu yangu ndogo. Nikiwa kijana niliwahi kusaidia kuandika majina katika kura za maoni za chama kimoja. Alikuja bibi mmoja na kadi yake iliyochakaa, ada zote amelipa, lakini jina halikuwa katika daftari tulilopewa asubuhi ile. Nilimwambia kwa heshima kwamba siwezi. Shikamoo yangu haikumsaidia kitu. Alikaa chini ya mwembe mpaka tulipofunga, akaondoka. Miaka mingi baadaye, niliposoma habari za wale wasimamizi wapole wa El Paso, nilimkumbuka.

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, jibu langu ni hili. Chama kina haki ya itikadi yake, ya kadi zake na ya nidhamu yake. Lakini pale mchujo wake unapoamua nani atatutawala, daftari lake, hesabu zake na rufaa zake ni shauri la raia wote. Nanyi watumishi wa umma mnaosoma hapa, mkiambiwa hilo ni la ndani ya chama, ulizeni kwanza: aliyefungiwa mlango huu ana mlango gani mwingine?