Ukuta wa GB 2: kwa nini video yako hukwama asilimia 97

Kila wiki lazima nitumiwe skrinshoti moja hivi. Mstari wa kurenda umefika asilimia 97, alafu kijisanduku kinatokea: kumbukumbu haitoshi. Chini yake meseji ni ileile, "Bro, hii laptopu imekufa, nijipange niuze?" Na mara nyingi ni mtu ameshakula diposti ya harusi, na mwenye harusi anapiga simu kila baada ya dakika kumi.

Usiuze kwanza. Hili kosa lina historia, na ukiijua utajua ni ukuta gani umegonga. Kuta ni kadhaa, zilijengwa miaka tofauti na watu tofauti, na yule fundi wa "ongeza tu RAM" anajua mmoja.

Tuanze na hesabu kidogo, si ngumu. Fremu moja ya HD kamili ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Kila pikseli ikibeba baiti 4 (nyekundu, kijani, buluu na uwazi), fremu moja ni kama MB 8.3. Sasa washa ule usindikaji wa rangi wa biti 32 ambao kila mtu YouTube anakwambia uwashe. Pikseli inakuwa baiti 16 na fremu moja inaruka hadi MB 33. Moja tu! Klipu yako ya simu ya MB 200 haiwezi kukuonyesha haya juu imekamuliwa. Ni kama belo ya mitumba Gikomba: ikiwa imefungwa mkokoteni mmoja unaibeba, ukiikata unahitaji kibanda kizima. Diski inaona belo. RAM ndiyo inaona nguo zikimwagwa.

Shida ya kibanda kidogo ni ya zamani kuliko video yenyewe kwa kompyuta. Mwaka wa 1962, Chuo Kikuu cha Manchester huko Uingereza walizindua mashine inaitwa Atlas. Kumbukumbu yake ya haraka ilikuwa na nafasi ya maneno elfu 16 hivi, na pembeni kulikuwa na ngoma ya sumaku inayozunguka, polepole lakini kubwa, maneno elfu 96 hivi. Tom Kilburn na wenzake wakafanya kitu noma: mashine yenyewe ikawa inahamisha vipande kutoka kwa ngoma hadi kwa kumbukumbu na kuvirudisha, na programu ikadanganywa kwamba yote ni kumbukumbu moja kubwa. Hiyo ndo kumbukumbu pepe. Mimi niliisikia darasani kabla sijaacha campo, kama maana ya kukariri ya mtihani, na hakuna mtu alisema ati hiki kitu ndicho kinaua video za watu.

Kinaziua hivi. Windows yako bado inafanya ile ya Atlas: RAM ikibana, inamwaga mizigo kwa faili maalum ndani ya diski. Jumla ya kile programu zote zinaweza kuomba ni RAM pamoja na hiyo faili. Kwa hivyo diski C ikijaa ile ya kubakisha MB 300, faili haiwezi kukua, na kurenda kunakufa hata kama una RAM ya GB 16. Nimeona watu wakinunua RAM na shida ilikuwa sinema walizodownload 2021 wakasahau kufuta.

Tukija kwa uhariri wenyewe, hapo mwanzo hakukuwa na neno RAM kabisa. Ulikuwa na mashine mbili za kanda, unacheza huku unarekodi kule. Ukikosea katikati unarudia. Mwaka wa 1971 ikaja CMX 600, ya kampuni iliyoanzishwa na CBS na Memorex. Mhariri alikaa mbele ya skrini mbili na kalamu ya mwanga, akichagua klipu kutoka kwa diski kubwa kama mashine za kufulia. Lakini cheki: picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, hafifu. Hakuna mtu angepeleka hiyo hewani. Kazi yake ilikuwa kuchagua wapi pa kukata, alafu orodha ya mikato inapelekwa kwa kanda halisi. Avid wakafanya vivyo hivyo 1989 juu ya Macintosh, kwa rangi lakini picha imekamuliwa hadi inaumiza macho.

Unaona hapo? Hiyo ndo tunaita proksi leo. Nikikwambia utengeneze proksi unaniangalia kama nimekwambia utumie kabambe ya baba yako, kumbe wataalamu walifanya hivyo kwa miaka mingi, na mashine zao zilikuwa za bei ya nyumba. Hakuna aibu.

Premiere ya kwanza ya Adobe ilitoka mwishoni mwa 1991, wakati mmoja na QuickTime ya Apple. Video yake ilikuwa pikseli 160 kwa 120. Saizi ya stempu. Fremu ya HD ina pikseli 108 kwa kila moja ya hiyo. Baadaye, 1995, ikaja DV, na hapo watu wa kawaida wakaanza kuhariri nyumbani juu kila fremu ya DV inajisimamia, haitegemei jirani. Programu ikitaka fremu ya 500 inafungua ya 500, basi. Kibanda kidogo kilitosha.

Sasa ukuta wenyewe.

Mwaka wa 1985 Intel walitoa prosesa ya 386, ya biti 32. Biti 32 zinaweza kutaja anwani 4,294,967,296, yaani GB 4 za kumbukumbu. Wakati huo kompyuta nyingi za mezani hazikuwa na hata MB 1, kwa hivyo GB 4 ilikuwa kama kumwambia mtu wa bodaboda ajenge maegesho ya ndege. Windows nayo ikaja kugawa hizo GB 4 nusu kwa nusu: GB 2 za programu, GB 2 za mfumo wenyewe. Ilionekana sawa kabisa, na kusema ukweli, kwa miaka mingi ilikuwa sawa.

Alafu HD ikaingia kwa nyumba za watu. HDV ilikuja 2003, na 2006 Sony na Panasonic wakaleta AVCHD, inayotumia H.264. Hizi hazifanyi kama DV. Fremu nyingi ndani yake si picha kamili, ni maelezo tu ya "nini kimebadilika" ukilinganisha na majirani. Ukitaka kufungua moja lazima ushike na wenzake. Kwa hivyo fremu zilikua, na wakati huohuo ikabidi nyingi zaidi zikae kibandani pamoja. Kibanda? Bado GB 2.

Rudi kwa ile hesabu. GB 2 gawanya kwa fremu za MB 33, unapata fremu 64. Kwa fremu 25 kila sekunde hiyo ni kama sekunde mbili na nusu za video, na hapo bado hujatoa nafasi ya programu yenyewe, efekti, fonti na muziki. Kitu cha kuudhi zaidi ni kwamba mtu angenunua RAM ya GB 8, apate kosa lilelile, sekunde ileile. RAM ilikuwepo. Programu haikuwa na namba ya kuitaja.

Na kulikuwa na shida nyingine ndani ya hiyo, ya vipande. Chukua matatu ya watu 14. Viti vinne viko wazi, lakini kila kimoja kona yake, na kuna familia ya watu wanne inataka kukaa pamoja. Makanga atasema nafasi iko, familia itasema haipo, na wote wanasema ukweli. Baada ya kurenda dakika arobaini, kumbukumbu ya programu ya biti 32 ilifanana na hiyo matatu. Ndio maana kosa lilipenda kuja mwishoni, asilimia 90 na kitu, wakati umeshaenda kulala ukijua asubuhi video iko tayari.

Watumiaji wa Sony Vegas wa enzi hizo walikuwa na dawa zao za mtaani, na nyingi zilifanya kazi. Punguza nyuzi za kurenda hadi 1. Weka RAM ya kuonyesha video iwe 0. Kata mradi vipande. Wale jasiri walichukua programu ndogo inaitwa CFF Explorer, wakafungua faili ya Vegas yenyewe na kuwasha alama moja inayoambia Windows kwamba hii programu inaweza kuvuka GB 2. Kwenye Windows ya biti 64 hiyo alama iliwapa hadi GB 4. Kubadilisha alama moja tu! Mimi naheshimu sana watu wa aina hiyo.

Suluhisho halisi lilikuwa limeshaingia sokoni. AMD walitoa prosesa zao za biti 64 mwaka wa 2003, na ujanja wao ulikuwa zikubali programu za zamani bila kelele. Intel walikuwa wakisukuma Itanium, njia tofauti kabisa, mwisho wakafuata ya AMD. Lakini Premiere Pro ilihamia biti 64 kikamilifu 2010, na CS5. Apple wakafuata 2011 na Final Cut Pro X, ambayo haikuweza hata kufungua miradi ya toleo la zamani, na wahariri wakawaka moto. Miaka saba, minane. Watu husema ni uvivu. Mimi sidhani, angalau si wote. Programu ya biti 64 haiwezi kubeba ndani yake kipande cha biti 32, na kila mhariri alikuwa na efekti na kodeki kumi za kampuni ndogondogo. Ni kama kubadilisha njia ya treni huku treni zinapita.

Sisi tuliingia katikati ya hii vita. Kebo za chini ya bahari zilifika Mombasa 2009, na mwishoni mwa mwaka huohuo YouTube ikaanza kuonyesha 1080p. Ghafla HD ikawa na maana Nairobi. Lakini Windows nyingi zilizokuwa kwa mashine zetu zilikuwa biti 32, na hadi leo nimezikuta kwa laptopu watu walizowekewa na jamaa wa saiba. Kwa hivyo kabla ya kitu kingine, angalia sifa za mfumo wako. Ikisema biti 32, umeupata ukuta wako, na dawa yake ni kuweka Windows upya, si laptopu mpya.

Kama ni 64 na bado inakufa, songa kwa kadi ya grafiki. Nvidia walifungua kadi zao kwa kazi za hesabu 2007 kupitia CUDA, Premiere ikazitumia 2010, na DaVinci Resolve, baada ya Blackmagic kuinunua 2009, ikapata toleo la bure 2011. Raha sana, lakini kadi ina kumbukumbu yake yenyewe na haikopi kwa RAM kirahisi. Fremu ya 4K kwa biti 32 ni MB 132. Kadi ya GB 2 inabeba 16, haifiki hata sekunde moja. Ile efekti ya kuondoa chenga inashika majirani wa kila fremu, ndio maana Resolve hulia kumbukumbu ya kadi imejaa ukiiwasha tu. Hapa kuongeza RAM ni kumwaga pesa. Shusha taimlaini iwe 1080, ama renda ile klipu yenye chenga peke yake kwanza. Kwa Premiere, zima kadi urende kwa prosesa. Itachukua usiku mzima lakini itamaliza.

Ukuta wa mwisho ndio unaniuma. Tangu MacBook Air ya 2008, laptopu nyembamba zimekuwa zikija na RAM iliyochomelewa kwa bodi. Huwezi kuongeza, hata uende kwa fundi gani. Ofisi fulani Ulaya ilinunua mashine mia za GB 4 juu wafanyakazi wake wanaandika barua tu, ikazitumia miaka mitano, sasa ziko Moi Avenue zinaitwa ex-UK, safi kama mpya. Uamuzi wa mhasibu wa huko ndio unaamua kama wewe utamaliza video ya harusi Kayole. Muuzaji atakwambia "utaongeza baadaye". Mwambie afungue chini akuonyeshe nafasi ya RAM kwa macho yako. Akikataa, ondoka.

Na kama simu ya harusi inalia sai hivi, renda mara mbili uangalie inakufa wapi. Ikifia sekunde ileile, shida iko kwa kitu kilicho hapo, na mara nyingi ni picha. Kuna msee aliweka picha ya maharusi ya pikseli 9000 kwa 6000, MB 216 ikifunguliwa, ndani ya video ya 1080. Tuliipunguza, ikapita. Ikifia mahali tofauti kila mara, kumbukumbu inajaa polepole: renda nusu ya kwanza, funga programu kabisa, fungua tena, renda nusu ya pili, alafu unganisha.