Pale Mji Ulipokuwa Ukikutana: Kumbi, Sinema na Vijiwe vya Dar es Salaam Vilivyotoweka

Mzee wa Dar es Salaam akiulizwa mji ulikuwaje zamani, hataanza na Ikulu wala bandari. Ataanza na Avalon, na Empire, na Drive-In, na ukumbi wa Arnautoglu, na baa ya Mlimani Park enzi za bendi ya Sikinde. Kisha atashusha pumzi na kuwalaumu vijana, au televisheni, au simu. Lawama hizo ni nyepesi mno. Watu wa mji huu hawajawahi kuchoka kukutana. Mahali pao pa kukutania hufa pale kiwanja kinapopata mwenyewe mpya, leseni inapobadilishiwa masharti, au bidhaa inapoadimika. Kwa hiyo anayetaka kujua kumbi hizo zilikwenda wapi hana budi kuanza na ardhi na sheria, starehe zifuate.

Mji wenyewe si mkongwe. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga kando ya kijiji cha Mzizima mwanzoni mwa miaka ya 1860, akinuia bandari itakayoteka biashara ya bara. Alipofariki mwaka 1870, nduguye Barghash hakuwa na hamu ya mradi huo, na majumba ya mawe yakaanza kuota majani. Lakini waliobaki, Wazaramo, Washomvi, Waarabu, wafanyabiashara wa Kihindi, walikuwa na taasisi moja waliyoirithi kutoka miji yote ya mwambao, nayo ni baraza. Ukuta mfupi wa kukalia mbele ya nyumba, kivuli, kahawa chungu, bao, habari za majahazi yaliyotia nanga. Baraza halikulipiwa kodi wala kuombewa kibali, kwa kuwa lilikuwa sehemu ya nyumba ya mtu. Hapo ndipo siri ya umri wake ilipo, kwani kila kilichokuja baadaye kilihitaji ruhusa ya mtu mwingine.

Wajerumani waliingia mwaka 1887, na kufikia 1891 walikuwa wamehamishia hapa makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo. Mwaka huohuo kanuni zao za ujenzi zikaanza kuugawa mji kwa aina ya nyumba: mawe na matofali kwa mtindo wa Ulaya upande wa bahari, udongo na makuti mbali na hapo. Kanuni haikutaja rangi ya mtu, wala haikuwa na haja. Katika mji wa mawe ikainuka hoteli ya Kaiserhof, kikaja na kiwanda cha bia, na maofisa wakapata mahali pa kupunga upepo jioni. Upande wa pili watu walicheza ngoma zao uwanjani, na muda si mrefu ikaenea beni, ngoma iliyoiga gwaride na vyeo vya jeshi, vyama vyake vya Marini na Arinoti vikishindana kwa mavazi na kwa karamu. Mshindi alihitaji uwanja wa wazi tu, na uwanja ulikuwa haujaisha.

Waingereza waliutwaa mji Septemba 1916. Kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, ikauachia mtaa mzima jina la Kariakoo. Katika miaka ya 1920 mgawanyo wa Wajerumani ukapewa sura kamili: eneo la kwanza la Wazungu, la pili la biashara, ambalo kwa kweli lilikuwa Uhindini, na la tatu la Waafrika. Kati ya la pili na la tatu likaachwa wazi eneo la Mnazi Mmoja ili mchanganyiko usiwe mkubwa. Hapa msomaji anayeyapenda masimulizi ya zamani inafaa atue kidogo. Kaiserhof ilibatizwa New Africa Hotel, Unter den Akazien ikawa Acacia Avenue, na vibaraza vya hoteli na migahawa vikapata wateja wapya waliofanana sana na wale wa mwanzo. Kwa miongo kadhaa mji mmoja ulikuwa ukitunza kumbukumbu tatu zisizokutana. Anayesema "mji ulikuwa mji" huenda anakumbuka meza ambayo babu wa jirani yake aliifikia akiwa amebeba sinia.

Eneo la tatu, pamoja na hayo, ndilo lililozaa taasisi zilizodumu. Kariakoo ilijengwa kwa nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma na kibaraza mbele. Kwa kuwa vyumba vilipangishwa kwa watu wa makabila mbalimbali, kibaraza kikawa shule ya ujirani. Mwaka 1929 kikaanzishwa African Association. Mwaka 1932 ikaundwa Dar es Salaam Jazz Band, na dansi likaanza kuirithi beni. Egyptian na Al-Watan, vikundi viwili vya taarabu, vikagawana mashabiki. Yanga ikazaliwa 1935, na mwaka uliofuata timu ambayo leo ni Simba. Vyote hivi havikuwa burudani tu. Vilizika wafu, vilichangia harusi, vilimpokea mgeni aliyeshuka kutoka bara bila ndugu. Pombe ilikuwa jambo la serikali: Mwafrika alitakiwa anywe pombe ya kienyeji katika vilabu vilivyopewa leseni, na vileo vikali vya Kizungu vilikatazwa kwake kwa sheria hadi katikati ya miaka ya 1950. Baa ya Kiafrika yenye chupa za bia mezani, ambayo wengi huidhani ya tangu na tangu, ni mtoto wa mwisho wa ukoloni.

Baada ya vita kuu ya pili mji ulifura. Sensa ya 1948 ilihesabu watu elfu 69 hivi. Ile ya 1957 ilikuta 128,742. Zikajengwa nyumba za serikali Ilala na Magomeni, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukafunguliwa ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, uliobeba jina la Mgiriki aliyeugharamia, George Arnautoglu. Ajabu ya ukumbi huo ni kwamba uliinuka juu ya ardhi iliyoachwa wazi ili watu wasikutane, na ndani yake ndimo Dar es Salaam ilimovalia suti na gauni ikacheza rumba na cha-cha-cha. Serikali ilitaka raia watulivu wanaojifunza ushonaji na kusoma magazeti. Ilipata raia waliojua kuendesha mikutano. Chama cha TANU kilipoundwa tarehe 7 Julai 1954 mtaa wa New Street, ambao sasa ni Lumumba, kilikuta mji umekwisha kujipanga kwa vikundi, na Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba, alipita kwa viongozi wa ngoma za wanawake kabla ya kupita kwa mtu mwingine yeyote. Kadi za chama zilienda kwa njia ileile iliyokuwa ikipitisha mialiko ya harusi.

Enzi hizohizo ndizo zilizokuwa za sinema. Familia za wafanyabiashara wa Kihindi ziliwekeza humo fedha nyingi, na mji ukawa na Empire, Avalon, Azania, Odeon, Empress, Cameo, Chox, na Amana kule Ilala. Filamu ya Kihindi iliunganisha watu wengi kuliko hotuba yoyote. *Awaara* na *Mother India* ziliwatoa machozi watu wasiojua neno la Kihindi, na wakatoka wakiziimba nyimbo zake kwa matamshi ya Kariakoo. Kuzunguka kila sinema kuliota uchumi mdogo: mwuza karanga, mwuza bhajia, mlanguzi wa tiketi aliyenunua mapema ili auze kwa faida filamu ilipojaa, mgahawa wa pembeni uliofungwa baada ya onyesho la mwisho. Sinema ilipokuja kufungwa, hao wote walifungwa nayo. Huu ndio upande ambao masimulizi ya majengo husahau: jengo moja lilipokufa, lilizikwa na riziki kumi.

Uhuru ulifungua milango. Acacia Avenue ikawa Independence Avenue, na baadaye Samora. Katika miaka ya 1960 kibaraza cha New Africa Hotel kilikuwa mojawapo ya mahali penye shughuli nyingi za kisiasa barani: wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Rhodesia na Afrika Kusini, mawaziri, waandishi wa habari, mabalozi na majasusi wao, wote wakisikilizana kwa jicho la pembeni. Kilimanjaro Hotel ilifunguliwa 1965. Mwaka 1966 ikafunguliwa Drive-In, sinema ya magari, upande wa Msasani, mahali ambapo Jumapili familia zilikwenda na mikeka, sufuria za pilau na watoto waliolala kabla filamu haijafika katikati. Vijana walipata dansi la mchana, bugi, walilolihudhuria mradi warudi nyumbani kabla ya giza. Lakini dola changa nayo ilikuwa na maoni yake kuhusu starehe. Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Oktoba 1968 kwamba kuanzia mwaka mpya nguo fupi na suruali za kubana ni marufuku, na mwaka uliofuata muziki wa soul nao ukapigwa marufuku mjini.

Pigo zito lilikuja kimya zaidi. Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nia ilieleweka: sehemu kubwa ya katikati ya mji ilikuwa mikononi mwa jamii moja. Matokeo yake kwa migahawa, maduka na sinema yalikuwa kwamba mwenye biashara hakuwa tena mwenye ukuta, naye Msajili hakuwa na fedha za rangi wala bati. Familia nyingi za Kihindi zilihamia Kanada na Uingereza, zikaondoka na mapishi yao na daftari zao za wadeni. Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilifunga maduka ya watu binafsi kwa wingi kiasi kwamba serikali yenyewe ililazimika kulegeza. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vilimaliza akiba ya fedha za kigeni. Mafuta yakapimwa, magari ya binafsi yakakatazwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana, na sinema ya magari ikabaki bila magari.

Na bado, wazee wengi husema enzi hizo za foleni ya sukari ndizo zilizokuwa na muziki mtamu kuliko zote. Sababu inajulikana. Vyombo vya muziki vilikuwa ghali na viliagizwa kwa kibali, hivyo bendi ikahitaji tajiri, na tajiri wa zama hizo alikuwa umma. NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, iliyoundwa 1964, ikawa Juwata, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma. Shirika la bima, jeshi la kujenga taifa, polisi, vijana wa chama, kila mmoja alikuwa na wapiga gitaa kwenye orodha ya mishahara. Mlimani Park Orchestra, yaani Sikinde, iliyoanzia kwenye baa ya jina hilo mwaka 1978, ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la mji, ikapiga katika kumbi za shirika hilo Kariakoo na Magomeni. Maquis, waliotoka Zaire, walijaza ukumbi wa White House kule Ubungo. Bia ilipokosekana dansi liliendelea. Mwanamuziki mwenye mshahara hategemei mauzo ya kaunta.

Mkataba wa 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa uligeuza mambo. Mashirika yaliyolea bendi yalipunguza wafanyakazi au yakauzwa. Kampuni ya bia, iliyotaifishwa 1967, ilirudi mikononi mwa wawekezaji mwaka 1993. Kanda za video zilikuwa zimekwisha kuingia majumbani, na mwaka 1994 Tanzania Bara ikapata televisheni zake za kwanza. Sinema zilizoachwa na paa linalovuja hazikuweza kushindana. Baadhi zikawa makanisa, nyingine maghala na maduka. Baa, kinyume chake, ziliota kila kona, na disko likachukua nafasi ya bendi ya watu kumi na tano.

Karne hii imehitimisha yaliyoanza mwaka 1971. Shirika la Nyumba la Taifa, lililorithi majengo ya Msajili mwaka 1990, liligundua kwamba kiwanja cha katikati ya mji kina thamani kuliko nyumba iliyo juu yake, na minara ikainuka mahali pa nyumba za ghorofa mbili zenye roshani. Kariakoo imekwenda vivyo hivyo kwa mikono ya watu binafsi: nyumba ya Kiswahili huvunjwa, ghorofa la fremu za maduka hujengwa, na kibaraza hakimo kwenye ramani. Drive-In iliuachia kiwanja chake ubalozi wa Marekani, uliohitaji ardhi pana baada ya ule wa zamani kulipuliwa Agosti 1998. Bilicanas, klabu iliyokuwa sawa na Arnautoglu kwa kizazi cha miaka ya 1990, ilifungwa 2016 na jengo lake likabomolewa. Soko la Kariakoo la msanifu majengo Beda Amuli, lililofunguliwa 1975, liliungua Julai 2021.

Kuna kinga gani? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Ya baadaye husubiri tangazo la waziri. Kwa kipimo hicho karibu mji wote wa Dar es Salaam ni mchanga mno. Majengo ya Wajerumani yamepata watetezi, kwa kuwa yana kuta nene na watalii huyapiga picha. Ukumbi wa dansi wa bati na saruji, baa yenye miembe, mgahawa wa chai na maandazi havina tangazo lolote, na mwenye kiwanja anayetaka kuvivunja hana wa kumwomba radhi.

Kinachosalia ni kile kisichokuwa na leseni tangu mwanzo. Mwuza kahawa wa Msimbazi bado ana birika, kashata na mabenchi mawili, na wateja wake bado wanabishana juu ya Simba na Yanga na juu ya uchaguzi. Tofauti ni kwamba sasa wamekaa kwenye hifadhi ya barabara, mbele ya mlango wa chuma wa duka la mtu, na mgambo wa jiji akija wanasimama.