Kadi Iliyofeli, Ikahamia Ndani

Laptopu yako ina RAM ya GB 8, lakini Windows inaonyesha 7 na ushee? Grafiki ya ndani imeshamega fungu lake. Tabia hiyo ina ukoo. Mwaka 1998 Intel ilitoa kadi ya i740, iliyosoma picha za kuvalisha maumbo kutoka RAM ya kompyuta kupitia AGP. Njia nyembamba hiyo! Wenzake wenye kumbukumbu kwenye kadi yenyewe wakaiacha. Ila kuazima RAM ni rahisi kwa bei, basi mwaka 1999 ukoo huohuo ukaingia chipuseti ya i810. Mwaka 2011, kwenye Sandy Bridge, grafiki ikakaa kipande kimoja na prosesa. Foleni ya RAM ikabaki. Kabla hujatafuta laptopu yenye kadi, angalia kama yako ina kijiti kimoja tu cha RAM: cha pili hupanua njia.