Shujaa, mganga au mchawi? Habari ya Nyabingi, kuanzia Karagwe

Nimekuwa kimya siku nyingi, kazi za chumba cha habari zimenibana. Leo nina ubishi wa kuwaletea, na umeanzia mahali pa ajabu kidogo: kwenye mchezo.

Mdogo wangu ni mlevi wa Dungeons & Dragons, ule mchezo wa Kimarekani uliotoka mwaka 1974 ambao kila mchezaji anavaa uhusika wa kubuni. Juzi alikuwa anabishana na wenzake kwenye simu kama mhusika wake ni "gish" au siyo. Nikamuuliza gish ni kitu gani. Akasema ni mtu anayepigana kwa upanga na kurusha uchawi kwa pamoja. Kumbe neno lenyewe lilitoka kwenye kitabu cha mchezo huo cha mwaka 1981, Fiend Folio, na huko lilikuwa cheo cha watu wa taifa moja tu la kubuni, githyanki. Wachezaji wakalichukua wakalibandika kwa kila shujaa mwenye uganga, na hadi leo hawaelewani nani anastahili kuitwa hivyo.

Nilicheka sana. Halafu nikakumbuka kwamba na sisi tuna ubishi huo huo, tofauti ni kwamba wetu umewapeleka watu jela.

Nyumbani kwetu ni Kiruruma, Karagwe. (Tangu mwaka 2012 wilaya imegawanywa, Kyerwa ikawa wilaya yake, lakini wazee bado wanasema Karagwe kwa kote kote.) Katika ufalme wa zamani wa huku, mtu wa vita na mtu wa mambo ya siri hawakuwa lazima watu wawili. Speke alipofika kwa mfalme Rumanyika Novemba 1861 alisimuliwa jinsi mrithi alivyopatikana baada ya kufa kwa Ndagara: watoto wa mfalme waliwekewa ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, lakini imetiwa dawa. Asiye na haki hakuweza kuiinua. Rumanyika akaiinua. Hata hivyo ndugu yake Rogero hakukubali, wakapigana. Dawa ilitoa mfalme, mikuki ikamlinda.

Sasa Nyabingi. Jina lenyewe wala halihitaji kamusi, "bingi" ya Kinyambo na Kikiga ni "vingi" yetu: ni mwanamke mwenye vitu vingi. Simulizi moja inasema alikuwa malkia huku Karagwe, akauawa na Ruhinda wa Mpororo, roho yake ikakataa kutulia. Nyingine inamhusisha na Kitami, malkia wa Ndorwa. Orodha ya watawala wa Karagwe ninayoifahamu ni ya wanaume watupu, kwa hiyo mimi simdai kwa nguvu kwamba ni wetu, ingawa moyo unataka! Lililo wazi ni kwamba roho hiyo ilipata wasemaji wake, wengi wao wanawake, walioitwa abagirwa. Waliponya, walipokea ng'ombe na majembe, na kwenye nchi za mpakani wakawa na nguvu ambayo machifu waliiogopa.

Maarufu kuliko wote ni Muhumuza, aliyejitambulisha kama mjane wa Rwabugiri, mfalme wa Rwanda aliyekufa mwaka 1895. Wajerumani walimkamata mwaka 1908 wakamfungia Bukoba, mji wetu huu huu tunaokwenda kupanda meli. Hata bamba la kumbukumbu yake sijawahi kuliona pale. Alipotoka akaingia Kigezi, mwaka 1911, akatangaza kwamba anaifuata ngoma takatifu iliyofichwa pangoni na kwamba risasi za Wazungu zitageuka maji. Mnakumbuka Kinjikitile wa Ngarambe na Maji Maji, miaka sita tu nyuma? Septemba 1911 Waingereza wakamvamia, akajeruhiwa mguuni, akakamatwa. Walimweka Kampala mpaka alipofariki mwaka 1945. Hesabu mwenyewe: miaka 34.

Mwaka uliofuata, 1912, Uganda ikapata sheria ya uchawi. Tanganyika ikapata yake mwaka 1928, na tafsiri yake ya uchawi ni pana kiasi kwamba hata kudai tu una nguvu za siri inatosha. Humo ndani anayeponya, anayetabiri, anayeongoza vita na anayeroga jirani wametiwa kwenye gunia moja.

Na jina likasafiri. Desemba 1935, Italia ikiwa imeivamia Ethiopia, gazeti la Jamaica Times lilichapa makala ya Federico Philos iliyodai kuna chama cha siri cha Weusi, Nya-Binghi, chini ya Haile Selassie, chenye lengo la kuua Wazungu. Wanahistoria wengi wanaiona kama propaganda ya kumpaka matope mfalme. Marasta walioisoma wakalipenda jina! Wewe unayesikiliza ngoma za Nyabinghi kwenye reggae, zile tatu, besi, funde na ripita, unasikia jina la mama wa huku mipakani.

Kwa nini nimeyaandika haya? Kwa sababu niliwahi kupeleka makala ya Muhumuza kwenye gazeti moja, nikamwita kiongozi wa uasi. Ikatoka na kichwa cha habari "Mchawi aliyewasumbua Wazungu". Nikampelekea bibi nakala Kiruruma nikijisifu. Alisomewa, akanyamaza, halafu akasema, "Mjukuu wangu, mchawi ni wa kuchomewa nyumba. Huyu mnamchomea nini?" Kanda ya Ziwa tunajua vikongwe wangapi wameuawa kwa neno hilo moja, wengine kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa jikoni. Sikuwa na jibu. Nilirudi kazini nikagombana na mhariri, nikashindwa.

Mdogo wangu nilimsimulia yote haya mwanzo mpaka mwisho. Akauliza swali moja: huyo mama alikuwepo vitani mwenyewe? Nikamwambia alipigwa risasi mguuni.

"Basi ni gish," akasema, akarudi kwenye simu yake.